Bundi kahamia darini na mama mkwe anaumwa: je, ametumwa?

*"Shikamoo mtaalamu. Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Muheza, ya bati, na ndani tumepiga siling bodi. Tangu mwezi uliopita kuna kitu kinakoroma darini usiku, kama mtu mzima aliyelala chali. Mume wangu alitoka na tochi akamwona bundi mweupe akitoka kwenye tundu la fishabodi, hana sauti hata kidogo. Wiki ile ile mama mkwe, ambaye tunakaa naye, akaanza homa na kuumwa kichwa, na mpaka leo hajapata nafuu. Majirani wanasema bundi huyo ametumwa, na aliyemtuma wameshamtaja. Vijana wanataka kupanda wamchome moto. Mimi naogopa kumwua na naogopa kumwacha. Ni kweli bundi akilia juu ya nyumba kuna mtu atakufa?"*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Umeniuliza habari za ndege, lakini nitaanza na mgonjwa, maana ndege anaweza kungoja na yeye hawezi.

Homa iliyokaa mwilini wiki kadhaa si ya kusubiri nyumbani. Kama mnataka kisomo kifanyeni, dua haijawahi kumzuia mtu kwenda hospitali. Ila mpelekeni leo, au kesho asubuhi, akapimwe malaria na mengineyo, na mkifika mwambieni daktari jambo ambalo wengi hulisahau: nyumbani kwetu kuna panya. Nina hakika wapo, na hapo mbele nitakueleza nimejuaje bila kufika kwenu. Mkojo wa panya unaweza kubeba vijidudu vya leptospira, navyo huingia mwilini kwa kupitia michubuko, au kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Ndio ugonjwa ulioitwa homa ya mgunda ulipozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022, wakaugua watu 20 na watatu kati yao wakafariki. Unaanza kama malaria tu: homa, kichwa, uchovu, na wengine hutokwa na damu puani. Ukiwahiwa, antibiotiki za kawaida zinautibu. Sisemi ndio unaomsumbua mama. Mimi ni mtu wa ndege, si daktari. Nasema daktari alijue hilo ili asiishie kwenye kipimo kimoja.

Sasa tuje kwa bundi. Hofu yako naijua, nimelelewa nayo. Nilipokuwa na miaka kama tisa, bundi alikutwa mchana chini ya mwembe wa shuleni kwetu. Tulimzunguka na mawe. Hakuruka, alitutazama tu, anayumba huku na huku, na sisi tukasema huyo ni jini, angalia asivyoogopa. Alipokufa mwalimu mmoja akamgeuza kwa fimbo, tukaona bawa lake la kushoto limevunjika kitambo, mfupa umetokeza. Hakuwa jasiri wala jini. Hakuweza kuruka. Bawa lile sijalisahau, na ndilo lililonipeleka kwenye kazi hii.

Kwa ulivyoeleza, huyo wa kwenu ni bundi mwenye uso mweupe wa umbo la kopa, kama kopa ya karata, macho meusi, tumbo jeupe na mgongo wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijivu. Ukimshika utashangaa: manyoya matupu, uzito haufiki hata nusu kilo. Huyu halii "huu, huu" kama bundi wa hadithi. Anapiga ukelele mkali wa kukwaruza, kama bati linalochanwa, na ukelele huo ukipita juu ya nyumba saa nane za usiku, hata mimi ninayemjua nashtuka.

Na anayekoroma si yeye. Ni watoto wake.

Makinda ya bundi huyu huomba chakula kwa sauti ya kukoroma na kufoka, na huendelea hivyo karibu usiku kucha. Watu wengi wanaopata wageni kama wenu hudhani darini kuna joka, au kuna mtu. Jike hutaga mayai manne mpaka saba hivi, siku tofauti, na huanza kuatamia tangu lile la kwanza. Kwa hiyo nao huanguliwa siku tofauti: wa kwanza anaweza kuwa ameshaota manyoya wakati kitinda mimba bado ni kijinyama chenye malaika. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, aitwaye Alexandre Roulin, amewachunguza makinda hawa kwa miaka mingi, na aliyoyakuta yananigusa kila ninapoyakumbuka. Kule kukoroma wakati wazazi hawapo ni mashauriano. Kila mmoja anawajulisha ndugu zake njaa yake ilivyo kali. Mwenye njaa zaidi anakoroma zaidi, na wenzake wenye nafuu wanapunguza sauti na kumwachia zamu ya panya ajaye. Wakubwa walioshiba hufikia hata kumlisha mdogo wao. Basi usiku huu mkisikia kukoroma juu ya vichwa vyenu, mjue ni watoto wanagawana chakula ambacho hata hakijafika.

Mume wako alisema ndege yule hakuwa na sauti, na hapo ndipo wengi husema "si wa kawaida huyo". Kweli si wa kawaida, lakini sababu iko kwenye manyoya. Unyoya wa mbele kabisa wa bawa lake una meno madogo kama ya kitana, yanayoupasua upepo vipande vipande. Juu, unyoya wote una vinyweleo laini kama mahameli, na ukingo wa nyuma una pindo la nyuzinyuzi kama la kanga isiyokunjwa. Njiwa akiruka unasikia mabawa yakipiga. Huyu akikupita kando ya sikio unahisi upepo tu. Anauhitaji ukimya huo mara mbili: panya asimsikie, na yeye mwenyewe amsikie panya.

Maana huwinda kwa masikio. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Marekani, kijana mtafiti aitwaye Roger Payne, ambaye baadaye ndiye aliyewafanya watu wausikilize wimbo wa nyangumi, alimfungia bundi wa aina hii kwenye chumba chenye giza totoro, sakafuni akatandaza majani makavu na kumwachia panya. Bundi alimkamata. Payne akataka kujua kama alimnusa au aliliona joto la mwili wake. Akaondoa majani, akaacha sakafu tupu isiyo na mtatariko, na panya akamfunga jani moja kavu mkiani. Bundi akashuka akalipiga jani, si panya. Alikuwa amefuata sauti. Masikio yake hayakukaa sawasawa: la kushoto liko juu kidogo na linaelekea chini, la kulia liko chini na linaelekea juu. Sauti ikitoka chini, sikio moja huisikia kwa nguvu kuliko jingine, na ubongo wake hupiga hesabu papo hapo. Uso ule wa kopa unaotisha watoto ni ungo wa kukusanya sauti.

Niliahidi kukueleza nimejuaje kuwa mna panya. Bundi hakai mahali penye njaa, sembuse kulea. Kesho mchana zunguka nyumba, utazame chini ya lile tundu la fishabodi. Utakuta vitonge vyeusi, vina ukubwa wa kidole gumba cha mwanaume, vikavu na havina harufu kali. Si kinyesi. Bundi hummeza panya mzima, na manyoya na mifupa hucheuliwa ikiwa imeviringwa. Vaa glavu, uloweke kimoja kwenye maji ya uvuguvugu robo saa, kisha ukichambue kwa kijiti. Nimefanya hivyo na watoto wa shule mara nyingi. Kwanza hutoka manyoya ya kijivu, halafu ubavu mwembamba kama uzi, halafu fuvu dogo lenye meno mawili ya mbele ya rangi ya chungwa. Siku moja tonge moja tu lilitoa mafuvu manne. Watoto walioingia darasani wakiogopa kulishika walitoka wakigombania nani aende nalo nyumbani.

Basi, mwanangu, kama bundi na homa ya mama vina uhusiano wowote, uhusiano huo ni panya. Panya ndiye aliyemleta bundi, na huenda panya ndiye aliyeleta homa. Mnataka kumchoma moto anayewala.

"Lakini mbona wazee wetu wameona mara nyingi, bundi akilia mtu anakufa?" Waliyoyaona waliyaona kweli. Fikiri zamani mgonjwa alivyouguzwa. Nyumba zote zimelala, moja tu ina taa, na watu wanakesha. Taa inaita wadudu, makombo ya waliokuja kujulia hali yanaita panya, na bundi anafuata. Aliyelala hamsikii bundi. Anayekesha kando ya mgonjwa anamsikia, na hasahau. Mgonjwa akifa, inasemwa bundi alilia. Akipona, nani atamkumbuka ndege? Huyo wa kwenu amelia mwezi mzima. Hesabu usiku uliopita salama kisha uuweke kwenye mizani pamoja na ule mmoja wa huzuni. Na makaburini anaonekana kwa sababu pana miti mikubwa yenye mapango na utulivu, hakuna anayemsumbua. Mzee wa pwani anayewaita bundi "babewatoto" na kuwatisha nao wajukuu hakudanganya kuhusu alichokisikia. Alikosea kuhusu kilichomleta.

Nimetaja kisomo, kwa hiyo nitakwambia na hili. Waarabu kabla ya Uislamu walimwogopa bundi kama sisi. Waliamini mtu aliyeuawa hutokwa na ndege kichwani, wakimwita *hama*, akilia "ninywesheni" mpaka kisasi kilipwe. Na wengine waliamini bundi akitua juu ya nyumba anatangaza kifo cha mwenye nyumba. Mtume Muhammad aliikanusha imani hiyo kwa kuitaja jina: hakuna mkosi wa ndege, na hakuna *hama*. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mwulizeni sheikh mnayemwamini hapo Muheza awafafanulie, na mama mkwe aisikie kwake, si kwangu. Maneno ya mtaalamu wa ndege hayamfariji mgonjwa kama ya mtu anayemheshimu.

Kwingine duniani bundi husomwa vingine kabisa, hata kama si wa aina hii ya kwenu. Wagiriki wa kale walimweka kwenye sarafu za Athens kama alama ya hekima, na hadi leo yumo kwenye sarafu ya euro moja ya Ugiriki. Misri ya mafarao picha yake ilikuwa herufi ya sauti "m". Japani jina la bundi linafanana na maneno yenye maana ya "bila taabu", hivyo watu hununua vinyago vyake kwa ajili ya heri. Na kwetu, ng'ambo ya bahari kutoka huko Tanga mliko, kisiwa cha Pemba kina bundi wake mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Hukaa msitu wa Ngezi na hata kwenye mashamba ya mikarafuu.

Turudi nyumbani kwenu. Mna njia tatu.

Ya vijana, ya moto, iacheni kabisa. Moto kwenye kenchi kavu unaweza kuteketeza nyumba na mgonjwa akiwa ndani. Na bundi mwenye makinda hujitetea: Eric Hosking, mpiga picha maarufu wa ndege wa Uingereza, alipoteza jicho mwaka 1937 alipokwaruzwa na bundi aliyekuwa akilinda kiota. Wala msizibe tundu sasa hivi. Makinda yatafia darini, na harufu yake mtaishi nayo wiki nyingi.

Njia ya pili ni kuvumilia mpaka makinda yaruke, kisha kuziba. Tangu kuanguliwa, huchukua kama wiki nane au tisa kuruka, na hurudi kulala hapo wiki chache zaidi. Mmesikia kukoroma kwa mwezi mmoja, kwa hiyo mko njiani. Sitakuficha kero zake. Kuna kelele. Siling bodi itapata madoa. Wazazi hurundika panya wasioliwa, na nyakati za joto hunuka. Mkiwa na mtoto mchanga au mwenye pumu, mhamishieni chumba kisicho chini ya kiota.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, ingawa inataka kazi kidogo: mjengeeni nyumba yake nje. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimeta 60 hivi, upana na kimo sentimeta 40, mlango wa sentimeta 15 karibu na juu ili makinda yasidondoke, na vitundu sakafuni vya kutolea unyevu. Lifungeni kwenye mti au nguzo, mita nne au zaidi kutoka ardhini, mlango usikabili upepo wa mvua. Lisimamisheni mapema, na mzibe dari baada ya makinda kuondoka. Huenda akalikubali, huenda akaenda zake, ndege halazimishwi.

Usitegemee bundi awamalizie panya, hilo pia nikwambie kweli. Panya wa shambani hubeba mimba siku 23 tu na kuzaa kumi au zaidi kwa mkupuo. Bundi anapunguza, hamalizi. Visiwa vya Shelisheli viliwaleta bundi hawa mwaka 1949 ili wale panya, wakaishia kuwala ndege wa baharini wa visiwani, ambao ilikuwa rahisi kuwakamata. Mpaka leo ni tatizo. Lakini hapo walikuwa wageni. Mahali wanapostahili wanasaidia: mashamba ya michikichi ya Malaysia huwawekea masanduku, na mashambani Israel masanduku yapo tangu miaka ya 1980. Baadaye wakulima wa Jordan wakajiunga, na kwao pia bundi alihesabiwa nuksi kama kwetu.

Ninyi hifadhini mahindi kwenye mapipa yenye kifuniko, zibeni matundu ya chini ya kuta, na msiache vyombo vichafu usiku kucha. Sumu ya panya msiitumie wakati bundi yupo. Panya aliyekula sumu hulegea kabla ya kufa, bundi humwokota kwa kuwa ni rahisi, naye humpelekea kinda. Vifaranga vyenu vifungieni bandani jioni. Bundi huyu hana habari na kuku wakubwa, ila kifaranga aliyelala nje ni jaribu.

Kinda likidondoka, usilipe maziwa wala ugali. Vaa glavu nene au ulishike kwa taulo, ulirudishe tunduni jioni. Si kweli kwamba mama atalikataa kwa sababu lina harufu ya binadamu. Likiwa limeumia, au bundi akikataa kuondoka na mkashindwa, nendeni ofisi ya wilaya mkamwone afisa wanyamapori, awatumie mtu. Aliyeparurwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati akachomwe sindano ya pepopunda. Na siku ya kusafisha dari, asipande mtu hivi hivi: vumbi la vinyesi vilivyorundikana linaweza kubeba kuvu linaloumiza mapafu. Vaeni barakoa, lowesheni kwanza, ndipo mkwangue.

Limebaki hilo jina lililotajwa. Sikuuliza ni la nani, na nakuomba nyumbani kwenu lisitamkwe tena. Mara nyingi huwa ni la bibi mzee asiye na wa kumsemea. Nchi hii imezika wazee wengi kwa maneno yaliyoanza namna hii hii, uvumi barazani, mgonjwa ndani, ndege juu ya paa. Sheria ya Uchawi yenyewe inamtia hatiani anayemsingizia mwenzake. Mume wako aende kwa mwenyekiti wa kitongoji leo, kabla vijana hawajapandwa na mori, na wakianza kutoa vitisho aende polisi. Akienda achukue vile vitonge kwenye mfuko wa nailoni, amwonyeshe mwenyekiti mafuvu yaliyomo ndani. Mara nyingi hilo linatosha kubadilisha mazungumzo.

Kisha subirini. Usiku tatu zikipita bila mkoromo, na chini ya tundu hakuna tonge jipya lenye unyevu, mwite fundi na wavu wa chuma. Azibe mchana wakati ameshahakikisha kwa tochi kwamba hamna aliyebaki ndani. Na majibu ya vipimo vya mama yakitoka, niandikie, nataka kujua anaendeleaje.